Mwili wa Mtoto na Amri ya Shule: Mjongeo, Kiwewe na Ustawi wa Wanafunzi Kiwangwa na Pwani ya Bagamoyo

Mjadala kuhusu ustawi wa mtoto shuleni nchini Tanzania umezoea kuanzia kichwani, yaani katika ufaulu wa mitihani, stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu na uwiano wa vitabu kwa wanafunzi, ilhali mwili wa mtoto hutajwa pale tu unapougua, unapokosa sare au unapodaiwa kustahili kiboko. Katika kata ya Kiwangwa, iliyoko kwenye barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, na ambayo kiutawala imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze mkoani Pwani, kasoro ya mtazamo huo huonekana upesi, kwa kuwa maisha ya watoto wengi wa huko ni ya mwili kwanza: hutembea mwendo mrefu kufika shule, huchota maji, husaidia mashambani msimu wa mananasi unapofika, hucheza mchangani na kukaa madrasa alasiri, kisha hutakiwa kutulia darasani kwa saa nyingi kana kwamba mwili huo umeachwa getini. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba shule za pwani hazina uhaba wa mjongeo, neno linalotumika katika uchambuzi huu kwa maana ya kila mwendo wa mwili wenye mpangilio, uwe wa mazoezi, wa mchezo au wa ngoma. Uhaba uliopo ni wa mjongeo ambao mtoto ana kauli ndani yake, na mpango wowote wa kutuliza watoto kwa michezo utakwama ikiwa mwili uleule unaochezeshwa saa nne utarukishwa kichura saa tano.

Kiwewe, kwa maana ya kisaikolojia, ni hali ya akili na mwili kubaki katika tahadhari baada ya tukio, au mfululizo wa matukio, yaliyozidi uwezo wa mtu kuyahimili, hata pale hatari yenyewe inapokuwa imepita. Katika mazingira ya Tanzania si sahihi kuihusisha hali hiyo na vita peke yake. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ambao ulihoji vijana wa miaka 13 hadi 24 Bara na Zanzibar, ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa aina fulani ya ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili katika umri huo huo, watendaji wakiwamo ndugu na walimu. Takwimu hizo si za Kiwangwa, na si haki kuzibandika kwa kijiji chochote kimoja. Lakini mwalimu mwenye darasa la watoto 60 popote nchini hana sababu ya kudhani kwamba darasa lake ndilo lililoepuka.

Mambo yanayotokea mwilini yanaeleweka vya kutosha leo. Ubongo unapohisi hatari, sehemu yake ndogo iitwayo amigdala huamsha mfululizo wa ishara zinazomwaga homoni za adrenalini na kotisoli katika damu, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza na pumzi ikafupika, huku sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kusubiri na kujizuia, ikipungukiwa na nguvu kwa muda. Mtu aliye katika hali hiyo hupambana, hukimbia au huganda. Kwa mtoto ambaye nyumbani au njiani hatari hujirudia, mfumo huo huzoea kuwaka kwa jambo dogo, kama mlango kubamizwa, sauti ya mwanamume kupanda, au mkono kuinuliwa ghafla ubaoni. Hapo ndipo shule hukosea kusoma dalili, kwani anayepambana huitwa mkorofi, anayekimbia huitwa mtoro, na anayeganda, ambaye mara nyingi ni msichana wa dawati la nyuma asiyejibu hata akiitwa jina mara mbili, huitwa mzito wa kuelewa au, kwa bahati mbaya zaidi, husifiwa kuwa mpole. Huyu wa tatu ndiye anayepotea kirahisi kuliko wote, kwa sababu hamsumbui mtu.

Malezi yanayozingatia kiwewe ni utaratibu wa taasisi nzima kufanya kazi zake kwa kukumbuka kwamba miongoni mwa watu inaowahudumia wapo walioumia, na kwamba hautakuwepo muda wa kuwatambua mmoja mmoja. Nchini Marekani, ambako fikra hii ilikua kwa kasi baada ya utafiti wa Felitti na Anda wa mwaka 1998 kuhusu uhusiano wa madhila ya utotoni na maradhi ya utu uzima, wakala wa serikali unaoshughulikia afya ya akili, SAMHSA, uliifupisha mwaka 2014 katika mambo manne, ambayo ni kufahamu kuenea kwa kiwewe, kutambua dalili zake, kuitikia kwa kubadili taratibu, na kujihadhari taasisi yenyewe isimuumize upya aliyekwishaumia. Uzuri wa fikra hii hauna shaka, ila ushahidi wake shuleni ni mwembamba kuliko shauku inayoizunguka. Mapitio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 na mtandao wa Campbell yalitafuta tafiti zenye vigezo madhubuti vya kupima shule zilizofuata utaratibu huo kwa ukamilifu wake, na hayakupata hata moja. Haina maana kwamba utaratibu haufai. Maana yake ni kwamba anayeuleta pwani kama dawa iliyokwishathibitishwa anasema zaidi ya anachokijua, na kwamba sehemu za utaratibu huo zilizopimwa Afrika Mashariki zenyewe, kama itakavyoonekana, zina uzito mkubwa kuliko vitabu vya mwongozo vinavyopakuliwa kutoka ng'ambo.

Upande wa mjongeo nao unahitaji uangalifu wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani au ya nguvu, na faida zake kwa moyo, mifupa, usingizi na hali ya akili zimeandikwa sana. Kwa mtoto mwenye kiwewe hoja huenda mbali zaidi, kwa kuwa mwendo wenye mdundo unaojirudia, pumzi iliyorefushwa na misuli inayokazwa kisha kulegezwa humpa nafasi ya kuhisi mwili ukipanda na kushuka bila hatari kutokea, jambo ambalo maelezo ya mdomo hayawezi kulifanya peke yake. Daktari Bessel van der Kolk, ambaye kitabu chake cha mwaka 2014 kilieneza wazo hili duniani, aliongoza jaribio dogo la mazoezi ya yoga kwa wanawake wenye kiwewe sugu ambalo lilitoa matokeo ya kutia moyo; lakini wale walikuwa watu wazima 64, na daraja la kutoka kwao hadi mtoto wa darasa la tatu halijajengwa bado.

Onyo kali zaidi limetoka karibu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo lililopitia miaka mingi ya vita vya Lord's Resistance Army, watafiti walilipima shindano la mpira wa miguu lililoandaliwa kwa vijana wadogo wa umri wa balehe, kwa nia njema kabisa ya kuinua afya na amani, na ripoti yao ya mwaka 2014 ikaonesha kwamba wavulana walioshiriki walikuwa na dalili za sonona na wasiwasi nyingi zaidi kuliko wale waliokuwa wakisubiri zamu au wasiojiandikisha. Mpira ulikuwepo, uwanja ulikuwepo, makocha walikuwepo. Pengine ushindani wenyewe, wenye kushinda na kushindwa mbele ya watu, uliwaongezea mzigo vijana ambao mzigo wao ulikuwa umejaa. Matokeo hayo yanastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba kugawa mipira na jezi ni sawa na kugawa ustawi, na hata na waandaaji wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi ambayo kwa umbile lake humchagua aliye hodari na kumwacha mwenye hofu akishangilia pembeni.

Katika shule nyingi za Tanzania siku ilizoea kuanza kwa mchakamchaka, ile mbio ya pamoja ya alfajiri yenye kuitikiana, ambayo ilishika mizizi katika miaka ya Ujamaa na ambayo watu wazima wengi huikumbuka kwa furaha. Kwa macho ya anayezijua tafiti za kiwewe, mchakamchaka una karibu kila kitu kinachotakiwa: mdundo mmoja, pumzi inayofuata miguu, sauti za wengi kuwa moja, na uhakika kwamba kesho utafanyika kama jana. Kasoro yake ni kwamba anayechelewa hukuta mwalimu wa zamu ana fimbo mkononi, na mwisho wa mbio ni paredi ambapo makosa ya jana hutangazwa na wakosaji huitwa mbele. Hapo mwili uliokuwa umeanza kuchangamka hugeuka kuwa mwili unaosubiri kuitwa, na mtoto mwenye kiwewe hujifunza upya somo analolijua tayari, kwamba kila palipo na watu wengi na sauti kubwa pana hatari.

Baada ya paredi huja adhabu za mwili zisizo kiboko, nazo ndizo kiini cha uchambuzi huu. Kuruka kichura, ambako mtoto huchuchumaa, hushika masikio au kuweka mikono kichwani na kuruka umbali aliopangiwa, kukimbia kuzunguka uwanja, kupiga magoti juani, kupiga pushapu na kufyeka majani wakati wenzake wako darasani, yote ni mijongeo. Misuli inayotumika katika kichura ndiyo ile ile inayotumika katika mazoezi mazuri ya mapaja. Tofauti iko katika nani ameamuru, mbele ya nani, na kama anayefanya ana ruhusa ya kuacha. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kurekebishwa mwaka 2002, zinaweka mipaka kwa viboko: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina, na kila tukio liandikwe katika kitabu. Walimu wengi wanaotaka kuacha fimbo, au wanaoogopa kitabu hicho, hukimbilia kichura kwa kukiona ni adhabu nyepesi, na wakati mwingine hata ya kuchekesha. Kwa kufanya hivyo wanaufundisha mwili kwamba mazoezi ni fedheha, kisha kipindi cha michezo kinapofika hushangaa kwa nini wasichana wa darasa la sita wamejificha vyooni.

Bagamoyo ina historia yake ndefu ya kuwapanga watoto walioumia kwa ratiba na kazi. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilipoanzishwa hapo mwaka 1868, miongoni mwa wakazi wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani, waliotengwa na ndugu zao kwa njia ambazo maneno hayatoshi kuzieleza, nao wakapewa chakula, mavazi, shule, sala na kazi za mashamba na karakana chini ya kengele iliyogawa siku vipande vipande. Si sawa kuwahukumu waanzilishi wale kwa elimu isiyokuwepo zama zao. Kengele ile, kwa kutabirika kwake, yawezekana iliwapa watoto utulivu ambao hawakuwa nao. Hata hivyo ratiba iliyotulia na mtoto aliyetulia si kitu kimoja, na shule nyingi zilizofuata, za misheni, za Wajerumani, za Waingereza na hata za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliyotaka kila shule iwe na shamba lake, zilirithi dhana kwamba mwili wa mwanafunzi ni nguvu ya kupangiwa.

Michezo ambayo watoto wa pwani huicheza wenyewe, bila mwalimu, ina hazina ambayo miongozo ya kigeni huizunguka bila kuifikia. Mfano mzuri ni nyama nyama, ambao kiongozi hutaja majina ya wanyama kwa kasi, na wenzake huitikia na kuruka pale tu anapotajwa mnyama anayeliwa. Akitajwa fisi au mbwa baada ya mbuzi, kuku na ng'ombe, anayeruka hutoka, na kicheko kikubwa hutokea hasa kiongozi anapotaja mnyama ambaye nyumba hii humla na nyumba ile haimli. Ukiutazama kwa karibu, mchezo huu unafundisha kitu ambacho kiwewe hukiharibu, yaani uwezo wa kuuzuia mwili uliokwisha kujiandaa kuruka. Mtoto hupandishwa moto, husimamishwa ghafla, hucheka, hupandishwa tena, na yote hayo katika dakika chache, bila kifaa, bila gharama, akiwa katikati ya wenzake. Ukibadilishwa kidogo tu, kwa mfano aliyeruka kimakosa awe ndiye kiongozi anayefuata badala ya kutolewa, unafaa kufunguliwa nao kila kipindi cha darasa la kwanza na la pili. Kuruka kamba, ambako mchezaji huusikiliza mdundo kabla ya kuingia na huamua mwenyewe lini aingie, kuna faida kama hiyo, na kamba ya katani haina bei kubwa. Rede ni habari nyingine. Mchezaji wa katikati, anayerushiwa mpira kutoka pande mbili huku akikwepa, huweza kupata raha isiyo kifani au hofu isiyo kifani, kutegemea anachokumbushwa na kitu kinachomjia kwa kasi; kwa hiyo ni mchezo wa kuchagua, usiwe wa kulazimisha.

Ngoma hutajwa haraka katika mijadala ya namna hii, na kwa Bagamoyo ni lazima itajwe. Mwalimu Nyerere, alipounda wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, alilalamikia elimu iliyowafundisha vijana dansi za kigeni ikawaacha hawazijui ngoma za kwao, na mwaka 1981 mji wa Bagamoyo ukapata Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 ni wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kikifundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi. Kuwa na taasisi ya namna hiyo jirani ni bahati ambayo Chalinze na Bagamoyo hazijaitumia vya kutosha; mhitimu wake mmoja kwa kundi la shule, akishirikiana na mwalimu wa somo la Sanaa na Michezo, angefanya mengi kuliko semina ya siku mbili hotelini. Lakini ngoma haina utakatifu wa asili. Kwa Wakwere, Wazaramo, Wazigua na majirani zao, ngoma ya kumtoa mwali ni darasa la mwili lenye heshima yake na lenye kumpa msichana watu wa kumtegemea, na wakati huo huo ni mahali ambapo binti aliyemaliza darasa la saba, au hata ambaye hajalimaliza, hutangazwa kuwa amekua. Vigodoro, zile ngoma za usiku ambazo viongozi wa serikali wamezipiga marufuku kwa nyakati tofauti, zina watoto pembeni wanaotazama na kuiga hadi usiku wa manane. Mwalimu anayeingiza ngoma shuleni kwa ajili ya ustawi hana budi kujua ni ngoma gani, ya nani, na kiuno cha nani kinatazamwa, la sivyo atakuwa amemrudisha mtoto mahali alipoumizwa, safari hii kwa kibali cha shule.

Mfano wa Kitanzania unaokaribia zaidi kile kinachotafutwa umekuwepo tangu mwaka 1996, ingawa hautajwi sana katika mijadala ya kiwewe. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa katika shule za sekondari na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwaalika wasichana kuchunguza wenyewe vikwazo vinavyowakwamisha kimasomo na kijamii, kuvitunga kuwa mchezo wa kuigiza wenye ngoma na nyimbo, kuuonesha mbele ya shule na wazazi, kisha kujadiliana nao hatua za kuchukua, na baadaye shirika la FAWE likaupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Nguvu ya Tuseme imo katika mpangilio wake: msichana hasimulii yaliyompata yeye, humwigiza mhusika, mwili wake huigiza kusema hapana mbele ya watu wenye mamlaka, na mamlaka hayo yamekaa kwenye viti yakimsikiliza. Wataalamu wa kiwewe husisitiza mambo matatu, ambayo ni usalama, uchaguzi na kushirikishwa, na yote yamo humo, yamewekwa na watu waliokuwa wakifikiria ukumbi wa maonyesho zaidi ya hospitali. Kinachohitaji kuongezwa kwa shule ya msingi ni kuzingatia umri mdogo wa watoto na kuweka ulinzi baada ya onyesho, kwa sababu mzazi aliyejiona jukwaani huenda akarudi nyumbani na hasira.

Hata hivyo mjongeo hauwezi kubeba peke yake kazi ya kuondoa ukatili wa watu wazima, na hapa Afrika Mashariki ina ushahidi wa kujivunia. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishirikishwa katika jaribio la mwongozo wa Shule Bora ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, na baada ya miezi 18 hatari ya wanafunzi kuripoti kupigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia ilikuwa imepungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na shule ambazo hazikuwa zimeupata, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2015. Nchini Tanzania, mafunzo ya siku chache ya stadi za kuhusiana na wanafunzi, yaliyoandaliwa na watafiti wa hapa nchini na wa Ujerumani, yalipimwa katika shule 8 za sekondari za serikali katika mikoa 6, na taarifa ya mwaka 2018 ikaonesha kupungua kwa ukatili wa walimu. Kinyume chake, mpango wa EmpaTeach uliojaribiwa katika shule za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambao uliwalenga walimu pekee kwa vikao vya kujifunza kudhibiti msongo na kupanga darasa, haukuonesha kupunguza vipigo. Sababu moja haiwezi kutengwa kwa uhakika, lakini tofauti kati ya Luwero na Nyarugusu inaelekeza jicho kwenye jambo moja: Luwero ilihusisha shule nzima, wanafunzi, wazazi na uongozi, kwa muda mrefu, mahali ambapo walimu wenyewe hawaishi ukimbizini. Mwalimu aliyechoka, mwenye darasa kubwa, anayeidai serikali stahiki zake na anayeishi chumba cha kupanga mbali na familia, naye ana mwili unaowaka haraka. Kipindi cha kunyoosha viungo na kuvuta pumzi ambacho mwalimu anakiongoza akiwa amekunja uso hakimtulizi mtoto, kwa kuwa watoto husoma uso kabla ya maneno.

Utekelezaji katika kata kama Kiwangwa unategemea mambo madogo ambayo mipango mikubwa huyaruka. Jua la pwani saa sita haliruhusu mazoezi ya nje, hivyo mijongeo ya kutuliza inafaa asubuhi, baada ya mapumziko ya saa nne na kabla ya kengele ya mwisho, kwa dakika tano tano zinazojirudia kila siku, kwani kutabirika kuna thamani kuliko urefu. Mtoto ambaye hajanywa uji hafai kukimbizwa. Mwezi wa Ramadhani wanaofunga wapewe michezo ya kukaa, kama mdako na bao, bila kuulizwa mbele za watu nani kafunga na nani hakufunga. Wasichana wenye hijabu na sketi ndefu watacheza kwa uhuru zaidi wakiwa na uwanja wao au saa yao, na aliye hedhini awe na haki ya kusema leo hapana pasipo kudaiwa maelezo. Wapo pia wasichana waliorudi shuleni baada ya kujifungua, kufuatia uamuzi wa serikali wa mwezi Novemba 2021, ambao miili yao imekuwa mada ya kijiji kwa muda mrefu na ambao hawahitaji kuwekwa mstari wa mbele wa ngoma yoyote. Kushikwa bega bila kuombwa ruhusa, kulazimishwa kufumba macho na kuamriwa kulala sakafuni, mambo ambayo mwalimu wa mazoezi huyaona ya kawaida, yanafaa kuachwa kabisa au kuwa ya hiari. Mahali pa kufundishia haya pameshapatikana, napo ni katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo huwakutanisha walimu shuleni kwao na katika vituo vya walimu badala ya kuwasafirisha mbali.

Suala gumu zaidi ni lile linalofuata baada ya mtoto kufunguka. Mwili ukianza kulegea, maneno hufuata, na mara nyingi humfikia mwalimu asiyejiandaa, tena katika kijiji ambacho mtuhumiwa ni mjomba wa mtu, mwenye shamba au mwenye duka linalokopesha shule sukari ya uji. Desturi ya kuyamaliza kifamilia, kwa faini na kuombana radhi mbele ya wazee, bado ina nguvu, na mwalimu mgeni huogopa kuonekana amevunja ujirani. Nchi ina vyombo: mwalimu wa malezi na unasihi katika shule, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili uliozinduliwa kwa kipindi kilichoanza mwaka 2017/18, na simu 116 isiyotozwa malipo. Shule inayoanzisha vipindi vya mjongeo kabla ya kukubaliana kwa maandishi nani atapigiwa simu, kwa muda gani, na mtoto atalala wapi usiku huo, inafungua mlango wa chumba ambacho haijakifagia.

Kuhusu kipimo, halmashauri na wathibiti ubora wa shule wamezoea kuhesabu vifaa, yaani mipira, magoli na ukubwa wa uwanja, kwa kuwa vinahesabika. Upo waraka mwingine unaohesabika na ambao sheria inautaka uwepo katika kila shule, nao ni kitabu cha adhabu. Kikisomwa sambamba na daftari la mahudhurio kwa muhula mmoja mmoja, darasa kwa darasa, wasichana mbali na wavulana, kingeonesha kama watoto wanaochapwa mara nyingi ndio wanaotoroka, na kama vipindi vipya vya michezo vimepunguza kimoja au kingine. Ili hesabu hiyo iwe ya kweli, kichura, magoti ya juani na kufyeka majani wakati wa masomo vingepaswa kuandikwa humo pia, kwa jina la mwalimu aliyeamuru na sababu yake, jambo ambalo mkuu wa shule anaweza kuliagiza katika kikao cha kwanza cha muhula bila kusubiri sheria mpya.